Fainali ya Kwanza

Nimekuwa shabiki wa raga ya wachezaji saba kila upande kwa miaka minane, na hadi Jumapili ninayotaka kuwasimulia sikuwa nimewahi kuona fainali hata moja. Si kwamba sikuwa uwanjani. Nilikuwa. Nina picha. Niko Ngong Road nimejipaka rangi za bendera usoni, niko Mombasa nimevaa kofia ya mtu, niko Kisumu nimembeba mtu mabegani, au labda ni mimi niliyebebwa. Lakini fainali huchezwa jioni, na ikifika jioni mimi nilikuwa sioni kitu.

Hata Singapore sikuiona. Jumapili ya 17 Aprili 2016, Kenya ilipoichapa Fiji 30-7 na kutwaa taji lake la kwanza kabisa katika Msururu wa Dunia, nilikuwa kwenye baa moja Nairobi, hatua tatu kutoka kwa televisheni. Nakumbuka kelele. Nakumbuka mzee nisiyemjua akinikumbatia huku analia. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiwaambia watu, "Mimi niliona Singapore laivu," mpaka siku moja dada yangu mdogo akaniuliza, tena bila ubaya wowote, "Enhe, trai ya kwanza alifunga nani?"

Nikauliza kama chai iko tayari.

Dada yangu huyu ndiye kitinda mimba wetu, na nyumbani sote tunamwita Kitinda. Shabiki wa kweli katika familia yetu ni yeye. Alianza kuufuata mchezo akiwa kidato cha nne, mwaka ambao Lionesses walienda Olimpiki ya Tokyo, na tangu hapo ana daftari. Daftari la kawaida tu, la rula moja, la dukani. Humo anaandika nani amefunga, dakika ya ngapi, nani amepewa kadi. Mimi nilikuwa na jezi tatu na sikujua kwamba kila kipindi ni dakika saba.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemwahidi kumpeleka Nakuru, kwa Prinsloo Sevens. Alikuwa mwaka wa kwanza chuoni, hajawahi kwenda mashindano nje ya Nairobi. Mama alikataa kwanza. Nikamwambia, "Mama, si ataenda na mimi?" Mama akanitazama kwa muda, kisha akasema sawa. Ile sawa ya Mama ilikuwa mkopo, ila mimi niliichukua kama zawadi.

Tulifika Nakuru Athletic Club saa nne asubuhi. Saa tano nilikuwa nimemwonyesha Kitinda mahali pazuri pa kuketi, nikamnunulia soda na mayai mawili ya kuchemsha, nikamwambia, "Ngoja hapa, nasalimia maboyz, nakuja dakika tano." Maboyz walikuwa kwenye hema. Kati yao kuna mmoja tunamwita Mweka Hazina, kwa sababu yeye ndiye hukusanya pesa za vinywaji na huwa hazibaki hata bob.

Zilizofuata nazijua kwa kusimuliwa. Kitinda alinipata usiku, karibu na ua wa nyuma, kiatu kimoja hakipo. Maboyz walikuwa wamehamia klabu mjini. Hakuwa anamjua mtu yeyote Nakuru. Alimwomba mlinzi amsaidie kuniinua, wakanipakia kwenye tuktuk, akatafuta chumba cha bei ya chini na kukilipa kwa pesa zake za HELB, ambazo zilikuwa kodi yake ya hosteli. Komeo la mlango lilikuwa limeharibika. Basi akavuta kiti akakiegemeza mlangoni, akaketi juu yake mpaka asubuhi. Niliamka nikamkuta pale, kiatu changu kimoja mapajani. Mama alipopiga simu, akamwambia gari liliharibika njiani. Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyomsikia Kitinda akimdanganya Mama.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Wiki iliyofuata nilimrudishia pesa kwa M-Pesa, nikaongeza elfu moja juu, nikaandika ujumbe mrefu wa kuomba msamaha. Akajibu neno moja, "Sawa." Ile elfu moja ikarudi kwangu kabla ya saa moja kuisha. Na tangu siku hiyo hakuniomba tena nimpeleke mahali popote.

Ningesema niliacha pombe siku hiyo hiyo, hadithi ingekuwa tamu. Sikuacha. Nilikunywa miezi mitatu mingine, sasa nikiwa na sababu nzuri zaidi ya kunywa. Kisha nikaacha, nikarudia, nikaacha tena. Prinsloo iliporudi nilikuwa na miezi minane na siku kumi na moja. Anayehesabu siku ananielewa.

Nikampigia Kitinda. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi ile simu kama mtu anayeenda kuhojiwa kazi.

"Nakuru wikendi hii. Twende?"

Kimya. Nikasikia mtu akiosha vyombo nyuma yake.

"Siku moja tu," nikasema. "Jumapili. Tunaenda asubuhi, tunarudi usiku."

"Nitakuja," akasema. "Lakini nauli yangu nitajilipia."

*

Tulipanda matatu upande wa River Road kabla jua halijachomoza. Makanga alipofika kwetu kila mmoja alitoa simu yake. Kule Limuru ukungu ulikuwa umelala hadi barabarani, na Soko Mjinga akina mama walikuwa wanapanga viazi na karoti kwa mafungu. Tuliongea kuhusu raga kwa sababu ndiyo mada tuliyokuwa tumebaki nayo.

Kitinda alikuwa anaeleza jinsi Shujaa walivyoshushwa daraja. Mei 2023, London, Kanada ikatushinda 12-7 na baada ya miaka mingi tukaondolewa kati ya timu kubwa za dunia.

"Watu walisema imeisha," akasema. "Lakini kushushwa si kufa. Unashuka, unaenda kucheza na timu ambazo hukuwa hata unazisalimia. Hakuna kamera nyingi. Hakuna mashabiki wa kujipaka rangi. Unacheza tu."

"Halafu?"

"Halafu mwaka mmoja baadaye, Madrid, tukaichapa Ujerumani 33-15 na tukarudi."

Nikatazama nje. Tulikuwa tumepita Naivasha na pundamilia walikuwa wanakula nyasi karibu na barabara kama ng'ombe wa mtu. Sidhani alikuwa ananizungumzia mimi. Kitinda hana mafumbo. Akitaka kukuambia kitu atakuambia. Lakini nililibeba neno lake mpaka Gilgil.

Kama hujawahi kwenda sevens ya mikoani, nikueleze kidogo. Mechi moja ni dakika kumi na nne tu, saba na saba, na mapumziko ya dakika mbili katikati. Kwa hivyo kutwa nzima timu zinaingia na kutoka. Hujamaliza smoki yako, wengine wameshaanza. Kati ya mechi na mechi kuna DJ, kuna MC anayejua utani wa kila kaunti, kuna wauza mahindi, wauza miwani, wauza bendera. Kwenye hema kuna sherehe ambayo haijui hata kama kuna mpira. Vijana wengi niliokuja nao miaka yote walikuwa raia wa hema.

Zamani nilifikiri sherehe ndiyo mchezo. Mwaka huu, kwa kuwa nimeacha pombe, nilikuja nimejiandaa kuichukia. Kitinda akaniharibia. Aliniambia mchezo huu ulianzishwa na mchinjaji wa nyama, Ned Haig, katika mji mdogo wa Melrose kule Scotland, mwaka 1883. Klabu yao ilihitaji pesa. Wakataka siku ya michezo ya kuchangisha, lakini huwezi kucheza mechi nyingi za watu kumi na watano kwa siku moja. Ndipo wakapunguza watu na dakika.

"Kwa hivyo ni harambee," nikasema.

"Ni harambee. Sherehe ilikuwepo tangu mwanzo. Hakuna aliyekulazimisha uhamie huko."

Tuliketi jukwaani, upande ambao jua lingetupata mgongoni mchana. Akafungua daftari.

"Sasa," akasema, "usiangalie mpira."

"Niangalie nini?"

"Angalia nafasi. Uwanja ni ule ule wa watu kumi na watano, lakini wako saba. Kuna shimo mahali. Mwenye mpira anajua, anayemkaba anajua. Tafuta shimo liko wapi."

Mechi mbili za kwanza niliona vurugu. Ya tatu nikaanza kuona. Kuna kijana mmoja, mfupi, jezi imemzidi, ambaye karibu hakuguswa na mpira kipindi chote cha kwanza. Alikuwa anakimbia kando kando ya mstari, anarudi, anakimbia tena, kama mtu aliyetumwa bure. Kila alipokimbia beki mmoja alimfuata. Na kila beki yule alipomfuata, katikati palibaki wazi kama mlango. Trai mbili zikapita hapo. Jina lililotangazwa ni la aliyegusa chini. Kitinda akaandika jina hilo, kisha pembeni, kwa herufi ndogo, akaandika namba ya yule mfupi.

"Wewe huwa unaandika hata wasiofunga?"

"Hao hasa."

Niligundua kingine ambacho miaka minane haikunionyesha. Ukifunga trai katika sevens, ni wewe unayepiga mpira wa kuanzisha tena, na unawapigia wale wale uliowafunga. Hakuna muda wa kujipongeza. Umetoka kukimbia mita themanini, mapafu yanawaka, na sasa lazima ukimbie tena kuutafuta mpira uliopiga mwenyewe. Nikaona kijana amefunga, amechuchumaa anatapika maji, kisha anainuka kurudi kwenye mstari kabla mpira haujapigwa. Kwenye hema watu walikuwa wanaimba.

*

Saa kumi jioni ndiyo saa yangu mbaya. Sijui ni ya kila mtu au ni yangu tu. Jua limelegea, vumbi limekuwa la dhahabu, besi inapiga kifuani, na mwili unakumbuka. Hakuna wazo lolote kichwani. Ni mkono tu unaotaka kushika kitu baridi.

Ndipo simu ikaita. Mweka Hazina.

"Buda! Nimekuona hapo juu umeketi kama mzazi wa siku ya wazi. Shuka usalimie watu."

Hawakuwa wamenikosea. Hao ni watu waliochanga nilipofukuzwa nyumba, na aliyekuja kunichukua polisi usiku wa manane ni mmoja wao. Kukataa kuwasalimia pia ni uongo wa aina yake. Nikasimama, na kabla sijafikiri mdomo ukasema wenyewe:

"Nakuja dakika tano."

Kitinda hakuinua kichwa. Kalamu yake ilisimama tu. Nilitaka kuyarudisha yale maneno, lakini maneno si mpira. Nikashuka.

Kwenye hema nilipokelewa kama mtu aliyetoka Ughaibuni. Mabega yakapigwa. Mtu akanipa kikombe, cha plastiki, kimejaa hadi ukingoni, povu linateremka kwenye vidole. Hakunilazimisha, ndivyo tunavyosalimiana. Mweka Hazina akasema, "Nimesikia siku hizi ni soda. Kwani uko kwa dawa?"

"Eeh, niko kwa dawa."

Wote wakacheka, nami nikacheka. Kikombe bado kilikuwa mkononi. Ningependa kuandika kwamba niliwaza kuhusu Mama, au kile kiti mlangoni. Sikuwaza kitu kama hicho. Niliwaza kwamba nusu fainali inaanza na sijui yule mfupi ataanza mechi au atakuwa benchi. Lilikuwa wazo dogo, hata la kijinga, lakini lilikuwa langu na lilitosha. Nikampa Mweka Hazina kikombe.

"Nishikie hii. Kuna kijana nataka kumwona."

"Kijana gani?"

"Humjui. Hafungi."

Nilipanda ngazi za jukwaa mbili mbili. Watu walikuwa wamejaa, kila mtu anatafuta mahali pa kuona nusu fainali. Nikamtafuta Kitinda kwa macho na kwa sekunde chache sikumwona, na tumbo likanishuka. Kisha nikamwona. Alikuwa anabishana na jamaa mwenye vuvuzela.

"Hapa kuna mtu," alikuwa anamwambia. Koti lake lilikuwa limetandazwa kwenye kiti changu, na juu ya koti lile daftari. "Nimekwambia kuna mtu. Anakuja."

Nikaketi. Akachukua koti, akatazama saa yake.

"Dakika nne," akasema.

*

Timu zilizocheza fainali sitazitaja, kwa sababu nina marafiki pande zote mbili na wote ni wepesi wa kukasirika. Moja ilikuwa na yule mfupi. Nilikuwa nimeamua ndiyo yangu.

Walikuwa nyuma, 17-12, zikiwa zimebaki sekunde chache. Wenzao walikuwa wamebaki sita baada ya kadi ya manjano, ambayo katika sevens ni dakika mbili nje, na dakika mbili katika mechi ya dakika kumi na nne ni msimu mzima. Kengele ya muda ikalia. Nusu ya uwanja ikaanza kushangilia, na wenye hema wakashangilia bila kujua kwa nini. Lakini kengele katika raga haimalizi mechi. Mechi inaisha mpira ukifa, na mpira ulikuwa haujafa.

Trai moja ni pointi tano, ingesawazisha. Mkwaju wa kupita kati ya milingoti ungeongeza mbili, na huo ungekuwa ubingwa. Wakaanza kuupeleka mpira kushoto. Hakuna njia. Wakaurudisha kulia. Hakuna. Kushoto tena. Kila mtu jukwaani alikuwa amesimama, na Kitinda alikuwa amenishika mkono wa shati bila kujua. Hakuna aliyethubutu kupiga mpira mbele, hakuna aliyethubutu kuanguka. Ilichukua zaidi ya dakika moja, na nilikuwa naona shimo likifunguka na kufungwa, likifunguka na kufungwa, kama mtu anapumua.

Kisha likafunguka na likabaki wazi. Upande wa kulia, mita kumi hivi, hakuna mtu. Na aliyekuwa pale ni yule mfupi. Kwa mara ya kwanza siku nzima mpira ulikuja kwake akiwa peke yake.

Ukamponyoka. Ukagonga vidole ukaenda mbele, ukaruka ruka kwenye nyasi. Kipenga.

Alikaa chini hapo hapo, magoti kifuani, uso kwenye jezi. Wenzake walikuwa mbali, kila mmoja ameanguka alipokuwa. Waliomfikia kwanza ni washindi. Mmoja akaacha kukimbilia wenzake waliokuwa wanarundikana kwa furaha, akaja akachuchumaa mbele yake, akamshika kichwa, akamwambia kitu. Akamwinua. Kutoka hemani muziki ulikuwa umeshapandishwa.

Nilikuwa nalia. Si sana. Kitinda alijifanya anaandika.

"Hii imekuwa kali," nikasema nilipoweza. "Mwaka jana fainali ilikuwaje? Sijawahi kukuuliza."

Akafunga daftari.

"Sikuiona."

"Si ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa nakutafuta," akasema. "Nilianza kukutafuta tangu nusu fainali."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayenitajia matokeo. Mwaka mzima nilikuwa nimejihurumia kwamba nilimlaza dada yangu kwenye kiti. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba nilimnyima pia kile kidogo alichokuja kukiona. Nikafungua mdomo kuomba msamaha, kisha nikakumbuka ule ujumbe mrefu na ile elfu moja iliyorudi. Nikanyamaza.

"Ukurasa niliuacha wazi," akaongeza. "Nilifikiri nitaandika baadaye."

Tulipokuwa tunatoka nilimtafuta yule mlinzi wa mwaka jana. Nilikuwa nimeweka mia tano kando, nimeikunja mfukoni tangu asubuhi. Langoni kulikuwa na mwingine, kijana, hakujua chochote. Nikamsalimia vizuri, akanitazama kwa mashaka kama mtu anayetaka kuingia bila tiketi. Ile mia tano ikabaki mfukoni.

Tulipata matatu ya mwisho mwisho. Ilikuwa imejaa mashabiki, wengine wamelala tayari, mmoja amekumbatia kiatu. Nikakiangalia kile kiatu nikataka kucheka, kisha nikamsogezea jamaa chupa yangu ya maji. Kitinda aliketi upande wa dirisha. Kwa mwanga wa simu aliandika 17-12, akaandika namba ya yule mfupi, akapiga mstari chini yake.

Kufika Gilgil makanga akaanza kukusanya. Alianzia nyuma, akaja safu kwa safu akitikisa sarafu mkononi, mpaka akafika kwetu.

"Haya, wawili hapa."

Nikasubiri. Kitinda alikuwa anatazama nje gizani, mikono miwili imelala juu ya daftari. Hakutoa simu.

Nikatoa ile mia tano, nikaongezea, nikalipa wawili.